Nimeweka LED kwenye indiketa, sasa zinapepesa kama gari lina homa

Mkoko wa Segerea

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua umeme wa magari. Kejeli zenu naomba zije mwishoni.

Nina ka-Toyota kangu ka mwaka 2004, haka mnakokaita beibi woka. Jumamosi nimeshuka Kariakoo, kule Gerezani, kwa shughuli nyingine kabisa. Nikapita duka moja nikaona taa za LED za saizi ya T20, rangi ya chungwa. Muuzaji alipoziunga kwenye betri ilibidi nigeuze uso kwa mwanga. Elfu kumi na mbili jozi. Nikachukua jozi mbili, za mbele na za nyuma. Nyumbani nimezifunga mwenyewe, hata nusu saa haikuisha.

Nawasha indiketa: tikitikitikitiki. Nimehesabu na saa ya simu, kama mara 160 kwa dakika, kushoto na kulia vilevile. Mke wangu alikuwa barazani anachambua mchele, akauliza, "Hilo gari lina homa?"

Taa zote zinawaka, hakuna iliyokufa. Fundi wa hapa mtaani anasema ninunue resista mbili, vile vifaa vya kuzuia umeme, nifunge nyuma, itakwisha. Nifunge?

Chuma Chakavu

Rudisha glopu zako za zamani, uzi ufungwe, tukalale.

Fundi Rewaya

Mkoko, taa hazina kosa na gari halina kosa. Flasha yako, kile kifaa kinachowasha na kukata indiketa, inafanya kazi yake.

Twende kwa hesabu. Glopu ya indiketa uliyotoa ni wati 21. Mbele moja, nyuma moja, na ile ndogo ya kwenye fenda wati 5. Upande mmoja jumla wati 47, gawa kwa volti 12 unapata karibu ampea 4. Flasha ya kielektroniki inapima huo umeme unaopita. Glopu moja kubwa ikiungua, mzigo unashuka kutoka 47 mpaka 26, flasha inajua kuna mwenzake kafa, inaanza kukimbia ili dereva asikie. Sasa wewe umetoa wati 42 kwa mpigo, ukaweka LED ambazo zikijitahidi sana zinakula wati nne au tano kila moja. Kwa flasha, glopu zako zote mbili zimeungua. Lazima ipige kelele.

Magari ya zamani zaidi yalikuwa na flasha za kibati. Umeme wa taa wenyewe unakipasha moto, kinapinda, kinakata, kikipoa kinarudi. Hizo ukiziwekea LED hazikimbii, zinagoma. Taa inawaka na kuganda hapohapo, maana umeme mdogo haukipashi kibati.

Kwako njia ziko mbili: kufunga resista, au kutoa flasha na kuweka ya LED isiyojali mzigo. Mimi nasimama na ya pili. Lakini kabla hujatoa hela nijibu swali moja: kabla ya kuweka LED, indiketa zilikuwa zinapepesa sawasawa?

Boda wa Mbagala

Fundi kaongea. Mimi kwenye pikipiki nilichomoa flasha ya miguu miwili nikachomeka ya LED, elfu tano tu, dakika mbili, kwisha.

Ila nina shida yangu, samahani mwenye uzi naomba nidandie. Nikiwasha kushoto zinapepesa zote nne kama hazadi. Nikiwasha kulia, zote nne. Trafiki wananicheka.

Fundi Rewaya

Boda, kwenye dashi yako kuna kataa kamoja ka indiketa au viwili?

Boda wa Mbagala

Kamoja, katikati.

Fundi Rewaya

Ndiyo mchawi wako huyo. Hako kataa kamefungwa katikati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kataa, unatafuta ethi, yaani njia ya kurudi kwenye betri, kupitia glopu za kulia. Glopu za zamani zilikuwa zinapewa umeme mdogo mno kuliko unaotosha kuziwasha, kwa hiyo ulikuwa huoni kitu. LED haitaki umeme mwingi. Hayo makombo yanaitosha, inawaka.

Nunua daiodi mbili, ni vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, uliza 1N4007, zinauzwa jero jero kwa mafundi redio. Kataa ka dashi ukatoe kwenye hizo waya mbili. Upande wake mmoja uende ethi. Upande wa pili upokee umeme kutoka kushoto kupitia daiodi moja na kutoka kulia kupitia daiodi nyingine, ile mistari myeupe ya daiodi zote mbili itazame kataa. Umeme utaingia kutoka pande zote mbili lakini hautavuka kwenda upande wa pili.

Mkoko wa Segerea

Wakuu nimerudi, na nimerudi na aibu.

Sikusubiri. Nimenunua resista mbili, zile za dhahabu zenye mapezi, zimeandikwa 50W 6 omu. Fundi wa mtaani amezifunga nyuma, moja kila upande, amezungushia tepu nyeusi na kuzibandika ndani ya bampa. Tukawasha, indiketa zikatulia kabisa. Nikampa hela yake, tukapeana mikono.

Jana nimebeba sofa ya shemeji kwenye keria, natembea taratibu Barabara ya Mandela, nikawasha hazadi. Foleni ya Buguruni mnaijua. Kama dakika ishirini na tano hazadi zinawaka. Nikaanza kusikia harufu, nikadhani ni lori la mbele. Nilipofika nyumbani harufu imenifuata mpaka getini. Kuinama nyuma naona tepu imelainika inaning'inia kama ulimi wa ng'ombe, na bampa kwa ndani imebonyea, plastiki imefanya kidimbwi chenye umbo la resista. Na mimi kwa akili zangu nikaigusa. Kidole cha shahada kina lengelenge hadi sasa, naandika kwa gumba.

Mke wangu kasema homa imepanda.

Chuma Chakavu

Nilisema tulale mapema.

Fundi Rewaya

Pole ya kidole. Ya bampa sikupi.

Hiyo ndiyo sababu nilisimama na njia ya pili. Resista ya omu 6 kwenye volti 12 inakula ampea 2, yaani wati 24. Injini ikiwa inazunguka alteneta inasukuma volti 14 hivi, wati zinapanda mpaka 32 na kitu. Zote hizo zinageuka joto, hazitoi hata chembe ya mwanga. Indiketa inawaka nusu ya muda na kuzima nusu, kwa hiyo wastani ni wati 16. Shika pasi ndogo ya kuchomelea waya kwenye ncha yake ndipo utajua wati 16 kwenye kitu kidogo kama kidole maana yake nini. Ukikata kona moja haina neno, inapata muda wa kupoa. Hazadi dakika ishirini na tano ni kitu kingine.

Na ile 50W iliyoandikwa ni ya resista iliyofungwa kwenye chuma kinachonyonya joto. Ndiyo maana ina matundu ya skrubu. Inafungwa kwenye bodi, chuma kitupu, mbali na waya, mbali na zulia la buti, mbali na plastiki. Tepu ni blanketi. Fundi wako ameifunika blanketi mgonjwa wa homa.

Jambo jingine, resista inaungwa sambamba na taa, mguu mmoja kwenye waya wa indiketa, mwingine kwenye ethi. Kuna wanaokata waya wa taa na kuipachika katikati, halafu wanashangaa mbona bado inakimbia. Pale umeme unaopita ni uleule mdogo wa LED, flasha haijadanganyika.

Na bado hujajibu swali langu.

Mzee wa Tunduma

Wanangu, salamu. Mimi ni dereva wa malori, njia ya Tunduma mwaka wa kumi na tisa huu. Nimesoma hapo juu nikaona niseme kitu kabla kijana yeyote wa lori hajaenda kununua hizo za dhahabu.

Lori ni volti 24. Likiwa linanguruma ni 28. Chukua hiyo omu 6 ya Fundi uipige hesabu: wati 130. Kwa resista ya 50! Hata ukisema indiketa inazima nusu ya muda, bado ni 65. Nilimwona utingo mmoja amefunga hizo kwenye trela, akawasha hazadi tumepaki mlimani, baada ya muda tukaona moshi kwenye taa. Maji ya kunywa yote tuliyamalizia pale.

Lori linunulie taa ya LED kamili ya volti 24 na flasha yake. Msichanganye vya gari dogo.

Fundi Rewaya

Shikamoo mzee. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Bi Saada

Marahaba kwa waliosalimu, na wasiosalimu pia. Mie niko Unguja. Nami nimetia LED lakini nyeupe, kwa kuwa kioo changu cha indiketa chenyewe ni cha rangi ya chungwa, nikaona haina haja kununua za rangi. Sasa ikiwaka inatoa rangi ya ajabu, kama juisi ya ndimu iliyotiwa maji mengi. Mchana haionekani kabisa, mpaka mtu asogee karibu. Nimeuziwa mbovu?

Fundi Rewaya

Si mbovu dada, ni rangi tu. Glopu ya waya ule unaowaka moto ina rangi zote ndani yake, na nyekundu na njano zimejaa tele. Kioo cha chungwa kinachuja, kinabaki na mengi ya kupitisha. LED nyeupe kwa ndani ni taa ya buluu iliyopakwa unga wa njano juu. Kioo cha chungwa kinaizuia ile buluu yote, nyekundu ndani yake ilikuwa haba tangu mwanzo, kinachotoka ndiyo hiyo ndimu yako.

Kanuni: LED iwe na rangi ya kioo. Kioo cha chungwa, LED ya chungwa. Kioo cheupe cha indiketa, LED ya chungwa vilevile, maana indiketa nyeupe ni ugomvi na trafiki na ni ugomvi zaidi na anayekuja mbele yako.

Halafu kuna la pili, na hapa wauza spea watanichukia. Kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa kimechongwa kwa kutegemea waya wa glopu unakaa pale pale, na unaangaza pande zote. LED nyingi za bei rahisi zimepanga vichipu pembeni au mbele tu. Ukiitazama moja kwa moja inakuchoma macho, ukisogea pembeni hatua tatu imefifia. Na mwendesha bodaboda anayetaka kujua unakata wapi yuko pembeni, si mbele ya kioo. Ndiyo maana ile ya Mkoko ilimpofusha dukani: muuzaji alimwelekezea usoni.

Wa Kirinyaga Road

Hapa Nairobi mimi niliwacha hayo mambo. Nilikuwa na Golf, nikaweka LED, kwanza dashi ikaandika taa imeungua. Pili, usiku gari limezimwa, taa zinapepea kidogo kidogo kama mshumaa. Nikadhani kuna waya inavuja stima. Kumbe kompyuta ya gari inatuma vijistima vidogo kupima kama glopu iko mzima, na LED inawaka kwa hivyo vidogo.

Hakuna flasha ya kubadilisha hapo, kazi yote inafanywa na kompyuta. Na hata ile sauti ya tik-tak inatoka kwa spika ya dashi. Fundi wa stima alizamisha kichwa chini ya dashi lisaa lizima akifuata sauti.

Nikanunua zile LED za kusema zinakubaliana na kompyuta. Ndani yake kumbe ni resista hiyohiyo imefichwa kwa tumbo la taa. Miezi mitatu, zimejipika zenyewe.

Boda wa Mbagala

Nimefunga daiodi. Kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Fundi ubarikiwe.

MbebaBoksi

Niko huku England. Gari likifikisha miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi wanauita MOT. Indiketa lazima zipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na ziwe rangi ya chungwa. Mimi nilipeleka gari langu na LED, mkaguzi akasimama nyuma na saa yake, akatikisa kichwa, nikarudishwa nyumbani na karatasi. Kwa hiyo Mkoko, na 160 zako ungerudi na karatasi pia.

Nikaweka flasha ya LED, nikapita. Sasa swali langu kwa Fundi: hiyo flasha haijali mzigo, sawa. Siku LED ya nyuma ikifa, nitajuaje?

Fundi Rewaya

Hutajua.

Na hilo ndilo nililokuwa nalizungukia tangu juzi. Ile mbio uliyoiona si ubovu, ni gari linakuambia kitu. Flasha ya LED inalinyamazisha. Resista inalinyamazisha vilevile, maana LED inakufa lakini resista inaendelea kula ampea zake mbili, flasha inaona kila kitu shwari. Dashi inapepesa vizuri, tik-tak tamu, na nyuma ni giza.

Chuma Chakavu

Lakini LED hazifi ovyo. Zinadumu miaka.

Bi Saada

Zinakufa. Kaka yangu alikuwa na gari lake, kalitia vitu hivyohivyo. Kulia nyuma ilikufa siku nyingi, hajui, dashi inampa ishara kama kawaida. Akakata kuingia Mwanakwerekwe, daladala nyuma yake haina habari. Alhamdulillahi iligusa bampa tu. Wakashuka wote wawili wamekasirika, kila mmoja ana haki yake: huyu anasema niliwasha, yule anasema hukuwasha.

Fundi Rewaya

Chuma, chipu nzuri inadumu, kweli. Za elfu kumi na mbili jozi zinakufa kwa joto na kwa mtetemo wa barabara zetu, na hazifi zote mara moja. Leo vichipu viwili, kesho vinne.

Anayeng'ang'ania LED, sawa, aweke flasha sahihi, kisha awe na mazoea: usiku ukirudi nyuma kwenye ukuta wa nyumbani, washa kushoto, washa kulia, tazama mwanga ukutani. Hiyo ndiyo itakayochukua kazi ya kengele uliyoizima.

Umeme unaookolewa msiniambie. Indiketa inawaka sekunde ngapi kwa siku? Faida ya kweli ni siku gari limeharibika, hazadi zinawaka saa nyingi na injini imezimwa. Glopu zote sita ni wati 94, hata kwa nusu ya muda ni karibu ampea 4 kutoka kwenye betri. LED hapo zinasaidia sana. Ukishaweka resista umerudisha ulaji uleule, umenunua LED kwa ajili ya mapambo.

Mkoko. Swali langu. Mara ya tatu.

Mkoko wa Segerea

Samahani Fundi, nilikuwa nauguza kidole.

Ukweli ni kwamba hapana, hazikuwa sawa. Kulia ilikuwa kawaida. Kushoto ilikuwa inakimbia tangu masika, wakati mwingine inatulia, wakati mwingine inakimbia. Na nikikanyaga breki indiketa ya kushoto inafifia. Nikajua glopu zimezeeka, ndiyo nikaona bora niweke LED kabisa.

Fundi Rewaya

Unaona sasa.

Breki na indiketa zikiingiliana ni ethi ya taa ya nyuma. Toa taa ya kushoto nyuma, chomoa holda, piga picha utuambie unaona nini. Usinunue kitu. Nasema tena: usinunue kitu.

Mkoko wa Segerea

Nimetoa leo asubuhi. Nati mbili kwa ndani ya buti, taa inatoka yenyewe. Ndani kulikuwa na maji! Kijiko kizima kimekaa chini ya kioo, mpira wa pembeni umekatika. Holda ya indiketa, kile kibati kimoja kimeota kijani kama sarafu iliyookotwa baharini. Nilipogusa waya wa ethi, ule mweupe wenye mstari mweusi, ukabaki mkononi. Ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi mbili tu.

Fundi Rewaya

Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, unga upya, choma na risasi, usisokote tu. Kibati piga msasa laini mpaka kiwe kama kipya, kisha kikaze kidogo kiume vizuri mguu wa glopu. Mpira wa taa badilisha, ukikosa paka silikoni, la sivyo tutaonana masika ijayo. Kisha rudisha glopu za kawaida ujaribu. Angalia rangi yake haijabanduka, zile za chungwa rangi ni ya kupakwa, zikizeeka inatoka magamba na zinawaka nyeupe.

Mkoko wa Segerea

Wakuu, mrejesho.

Nimeunga waya, nimepiga msasa, nimepaka silikoni. Glopu mbili za zamani zilikuwa zimebanduka rangi kama Fundi alivyosema, nimenunua mpya, buku mbili moja. Resista zote nimetoa. Nimewasha kushoto nikahesabu dakika nzima: 84. Kulia: 84. Nikakanyaga breki, wala haikutikisika. Mke wangu amekuja kusikiliza mwenyewe, akasema afadhali, limelala.

LED zimerudi kwenye pakiti yake, shemeji wa sofa anazitaka, nimemtumia huu uzi asome kwanza.

Nauza resista mbili za omu 6. Moja ina alama ya bampa.

Chuma Chakavu

Nakupa jero kwa zote mbili. Uje na bampa.